Nazi za Mamudo Haziokotwi

Domingas hakuigusa chai. Anuar hakupenda kuona chai ikipoa mbele ya mtu, hata mtu huyo akiwa mtuhumiwa, kwa hiyo aliisogeza karibu naye, akaona haisaidii, akafungua jalada.

"Tuanze upya. Minazi ya Mamudo."

"Nimeshaeleza mara ngapi, senhor agente?"

"Umewaeleza wengine. Mimi nimefika jana jioni, na barabara ya kutoka Pemba imenijaza vumbi mpaka masikioni. Nieleze mimi."

Walikuwa wamekaa katika ofisi ya kilimo ya Mtandi, kituo kidogo kando ya Ghuba ya Tungue, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, mbali na Pemba, mji mkuu wa mkoa. Tangu gesi igunduliwe chini ya bahari, kila kitu hapo kilikuwa kimepanda bei isipokuwa mishahara. Helikopta zilipita asubuhi na jioni. Vyumba vyote vya wageni vilikuwa vimekodiwa na watu wa kupima ardhi, na Anuar, mpelelezi mzima wa polisi, alikuwa ameambiwa kwa heshima zote kwamba meza ya ofisi ni pana, inalalika. Mgongo wake ulikuwa na maoni mengine.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Serikali ilitoa ruzuku kwa wenye minazi: ukisafisha mnazi wako na kuutoa chonga, yule mdudu mweusi anayetafuna moyo wa mti, unalipwa kwa kila mnazi. Domingas, bibi shamba aliyepangiwa kazi hapa kutoka Quelimane, mbali kusini, ndiye aliyehesabu minazi na kusimamia malipo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia kulifanya hapo Mtandi. Alibandika majina ya waliolipwa kwenye ubao wa nje, kila mtu na minazi yake, apitaye asome.

Aliyepita akasoma ni Carimo, mfanyabiashara wa vitenge na sabuni anayevuka kila mara kivuko cha Namoto kwenda na kurudi Tanzania. Alisimama kivulini kungoja pikipiki, akasoma kwa kupoteza wakati tu, na katikati ya majina ya walio hai akakuta jina la babu yake, Mamudo Abacar, aliyezikwa Wareno wakiwa bado wanatawala. Alipiga kelele mpaka ofisi ikafungwa kabla ya saa yake. Sasa amri kutoka Pemba ilikuwa moja: kesho asubuhi Domingas apandishwe gari, apelekwe kwa mwendesha mashtaka, isipokuwa Anuar apate mtu mwingine aliyekula pesa za maiti.

"Nilikwenda pwani, kule kijijini," Domingas alisema. Kiswahili chake alikiokota sokoni, nacho kilikuwa kizuri kuliko alivyodhani mwenyewe. "Kila penye minazi niliuliza, hii ya nani? Wakanijibu. Nilipofika kwenye ile iliyo nyuma ya kisima, wakasema ya Mamudo."

"Nani alisema?"

"Wote."

"Ukamwona huyo Mamudo?"

"Sikuwaona nusu ya watu wangu, senhor agente. Wengine wako baharini, wengine wamefuata vibarua vya gesi. Nikauliza, nani atapokea? Bibi mmoja akasema, mimi. Nikaandika mwenye minazi, bibi akaweka dole. Fomu ina nafasi ya mwenye minazi na nafasi ya dole. Haina nafasi ya kuuliza kama mwenye minazi anapumua."

"Bibi gani?"

"Siku ile walipanga mstari watu wengi, wote wamejifunika leso. Sikumbuki." Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa hasira. "Mama yangu anaishi kwa mshahara huu. Mwizi gani anaiba halafu anabandika wizi wake ukutani?"

Swali hilo Anuar alikuwa amejiuliza usiku kucha juu ya meza, na hakupenda kulisikia likitoka mdomoni mwa mtuhumiwa. Wezi wajanja huuliza maswali mazuri.

Mkuu wa kituo, Feliciano, alikuwa akimngoja ukumbini. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Mimi nilimwambia asibandike," alisema kabla hajaulizwa. "Nilimwambia, minha filha, binti yangu, lista ya majina ikikaa ndani ya droo haina maneno na mtu."

"Sheria inasema ibandikwe."

"Sheria inasema mengi, chefe. Tazama sasa! Leo mchana naibandua."

"Usiiguse. Ni kielelezo."

Feliciano aliondoka. Mtu anayetaka karatasi ishuke ukutani upesi namna ile hupaswa kutazamwa mara mbili, na Anuar alimtazama. Aliuliza funguo za kasha la pesa anazo nani, akaambiwa ni Domingas na mhasibu tu. Aliuliza siku ya malipo mkuu alikuwa wapi. Alikuwa Pemba, kalazwa kwa malaria, na karatasi za hospitali anazo. Basi Feliciano alikuwa mwoga tu, na uoga haupelekwi kwa mwendesha mashtaka, la sivyo magari yasingetosha.

Ikabaki dole.

Anuar alitandaza stakabadhi dirishani, akatoa kioo chake cha kukuzia. Dole la Mamudo lilikuwa limekatwa mshazari na kovu nene, limepita katikati ya mistari yote. Alipitia stakabadhi nyingine moja moja, shingo ikimuuma, mpaka akalikuta kovu lile lile tena, pale pale, kwenye stakabadhi ya mtu mwingine. Jina: Ancha. Minazi yake mwenyewe, michache, pale pale nyuma ya kisima.

"Bernardino!" alimwita dereva wake. "Washa gari."

*

Bernardino alikuwa Mmakonde wa Mueda, mtu wa bara, aliyeshuka pwani kwa lazima ya kazi na kuamini kwamba samaki ni chakula cha adhabu. Walipoegesha gari karibu na kisima, jambo la kwanza aliloliona ni nazi. Zilikuwa zimeanguka chini ya minazi mirefu, pevu, kavu, zimelala kwenye mchanga kama hazina mtu.

"Nchi tajiri hii," alisema. Akaokota moja, akaitikisa sikioni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji alimgeukia. "Baba, rudisha."

"Imeanguka yenyewe, mama."

"Najua imeanguka. Rudisha ilipokuwa."

Bernardino akairudisha, amenywea. Anuar akatoa noti mfukoni. "Basi mama, niuzie dafu moja. Moja tu, tumetoka mbali."

"Kwangu ninayo, nitakuletea bure. Za hapo siuzi."

"Za hapo ni za nani?"

"Za Mamudo," alisema mama yule, akajitwika ndoo, akaenda zake.

Anuar alibaki amesimama. Karibu ya kila mlango wa kijiji kile alikuwa ameona mwanamke amekalia mbuzi akikuna nazi. Bei ya nazi nayo ilikuwa imepanda, kwa sababu wapishi wa kambi za gesi walizinunua kwa magunia. Na hapa, hatua chache kutoka njiani, nazi zimelala na hakuna anayeinama. Alijua vijiji vya pwani. Yeye mwenyewe alizaliwa Paquitequete, Pemba, kwenye mtaa wa wavuvi ambako hata kiatu kimoja kikianguka hakimalizi saa. Hofu inaweza kuwafanya watu wasiguse kitu. Huenda kuna mkubwa aliyewatisha. Alilitia wazo hilo kichwani, akaenda kupiga hodi kwa Bi Ancha.

Bi Ancha alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliwakaribisha barazani, akawapa maji kwanza, kisha akaketi na kungoja, mikono juu ya mapaja. Dole gumba la kulia lilikuwa na kovu.

"Lilikatwa na nini hilo, Bi Ancha?"

"Mbuzi ya kukunia nazi. Siku ya harusi ya mdogo wangu. Wali uliliwa, mimi nilishinda na kitambaa."

"Dole hilo nimelikuta ofisini mara mbili. Mara moja kwa jina lako, mara moja kwa jina la Mamudo."

"Ndiyo."

Anuar alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa kilio, hata kwa kuzimia, maana kuzimia amekuona sana. "Ndiyo" ile kavu ilimpiga chenga.

"Ulipokea pesa za Mamudo?"

"Nilipokea."

"Mamudo amekufa."

"Zamani sana. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mungu amrehemu."

"Na pesa zake umekula?"

Bi Ancha alisimama. "Mwanangu, wewe ni mgeni wangu, umekunywa maji yangu. Usinitukane. Hakuna aliyekula pesa ya Mamudo hata senti, si mimi, si mtu mwingine wa kijiji hiki. Ipo kwenye kazi yake."

"Kazi gani?"

Hapo ndipo mlango wa maneno ulipofungwa. Bi Ancha alimtazama Bernardino na sare yake, akaitazama gari ya serikali, akaketi tena. "Kwanza niambie wewe, mnahesabu nini? Mwezi uliopita walikuja kuhesabu minazi, wakasema ni ya gesi. Wakaja wengine, wakasema ni ya barabara. Yule binti akahesabu, akasema ni ya chonga. Leo polisi. Kila anayehesabu mnazi siku hizi anatafuta wa kuung'oa. Hii ya Mamudo haing'olewi. Ndilo jibu langu."

Anuar aliomba ruhusa ya kuzunguka nyumba, akaruhusiwa kwa kichwa. Nyuma, chini ya makuti makuukuu na mkeka uliochakaa, alikuta mabati. Mapya, yanang'aa, yamepangwa vizuri. Nyumba ya Bi Ancha iliezekwa kwa makuti matupu, yenye matundu mawili yanayoonekana kwa macho.

"Tumempata," Bernardino alinong'ona.

Kweli ilionekana hivyo. Dole lipo, kukiri kupo, mabati yamefichwa. Angeweza kumpandisha gari Bi Ancha saa ile ile na kumwachia Domingas. Lakini Anuar hakufurahi. Mwizi aliyepata mabati msimu wa mvua ukikaribia, na paa lake linavuja, anangoja nini kuyapiga?

Adhana ya adhuhuri ikalia.

"Wewe ngoja hapa," alimwambia Bernardino. "Usiokote kitu."

*

Msikiti wa kijiji ulikuwa mdogo, wa mawe na chokaa. Anuar alitawadha, akaingia, akasali safu ya pili. Alisalimu, akainua mikono kuomba dua, na macho yake, ambayo kazi ilikuwa imeyaharibia adabu, yakapanda darini.

Upande wa kibla paa lilikuwa la makuti, fito zimefungwa karibu karibu kama inavyotakiwa, kwa sababu kuti halikai bila fito. Lakini upande wa nyuma fito zote zilikuwa zimeng'olewa. Mahali pake zilikuwa zimepigiliwa mbao mpya, zimeachana sana. Juu yake turubai tu. Huwezi kufunga kuti kwenye mbao zilizoachana namna ile. Mbao hizo zinangoja mabati.

Aliteremsha macho. Mikeka chini ilikuwa mizuri, mmoja haujapoteza hata harufu ya ukindu. Taa ilikuwa mpya. Kamba ya ndoo ya kisima, aliyokuwa ameishika dakika chache nyuma, nayo mpya. Nani hununua vitu hivi kwenye kijiji ambacho wanaume wake wako kwenye vibarua?

Kule Paquitequete palikuwa na nyumba moja kuukuu ambayo kodi yake haikuingia mfuko wa mtu. Ilinunua mafuta ya taa ya msikiti, na mpaka leo inaitwa nyumba ya Bwana Fulani, ingawa Bwana Fulani mwenyewe hakuna aliye hai anayejua sura yake. Anuar alikuwa amepita mbele ya nyumba ile maisha yake yote. Ila hakuwahi kufikiria kwamba kama nyumba inawekwa wakfu, mnazi nao unawekwa.

Alitoka na viatu mkononi, akasahau kuvivaa.

"Bi Ancha!" aliita kutoka mbali, na mchanga ukimuunguza nyayo. "Minazi ya Mamudo ni wakfu wa msikiti?"

Bi Ancha alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ya bahari yana chumvi. "Kwani ya nani tena?"

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Uliniuliza kama nimekula." Kisha uso wake ukalegea. "Na nilidhani unajua. Kila mtu anajua. Mamudo aliiweka wakfu kabla ya kufa, yote ya nyuma ya kisima isipokuwa ile mitano ya mama yangu. Mama ndiye aliyeuangalia wakfu, alipokufa nikashika mimi. Nazi naziuza, Ijumaa kwa Ijumaa, napeleka mikeka na taa. Mwaka huu tukasema paa. Pesa ya yule binti ndiyo iliyonunua mabati, ila hayajatosha, ndiyo maana nimeyafunika yasiibwe."

"Kwa nini hukumwambia binti aandike jina lako?"

"Langu?" Bi Ancha alishtuka kweli kweli. "Niandike minazi ya Mamudo kwa jina langu? Nimuibie maiti? Hapo ndipo ningekuwa mwizi, mwanangu!"

Anuar aliketi barazani akacheka, cheko refu la mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Kijiji kizima kilikuwa kimeulizwa mwenye minazi, na kijiji kizima kilikuwa kimesema kweli. Binti wa Quelimane aliandika ile kweli kama alivyoambiwa, akaibandika ukutani, na kweli hiyo nusura imfunge.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alichukua maelezo ya Bi Ancha, akampigisha dole lenye kovu. Aliwaita imamu na mafundi waliopigilia mbao, kila mmoja peke yake, akawauliza mambo yale yale kwa kuyageuza. Bernardino alitumwa kwa muuza mabati, akarudi na jibu kwamba mnunuzi alikuwa Bi Ancha na mzigo aliandikisha kuwa wa msikiti. Maneno yote yalikutana. Anuar akapanda kichuguu ambako simu ilishika, akampigia mkubwa wake Pemba, akaeleza.

"Wakfu wa minazi," mkubwa alirudia. "Basi mwachie msichana wa watu. Na andika vizuri, nisije nikachekwa."

*

Domingas alipoambiwa alikaa chini palepale kizingitini, akafunika uso kwa viganja viwili, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Anuar akageuka kutazama helikopta ambayo haikuwepo. Alipogeuka tena, bibi shamba alikuwa ameishika ile chai ya asubuhi, baridi kama ya maiti, anakunywa mpaka tone la mwisho.

"Ningeuliza swali moja zaidi," alisema. "Moja tu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwakani utauliza," Anuar alimjibu.

Carimo alifika alasiri, ameitwa, akaja amevimba kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Bi Ancha naye alikuwa amepanda gari la polisi kuja kumwona, akiwa amejifunika leso mpya. Anuar alieleza yote pale pale mbele ya ubao, na waliokuwa wakipita wakasimama, kwa hiyo alieleza mara mbili.

Carimo alisikiliza, na ule uvimbe ukamtoka kidogo kidogo. "Mimi sikujua," alisema. "Mama alivuka nami Rovuma nikiwa mgongoni, wakati wa vita. Nimekulia Mtwara. Nilipoona jina pale nikajua wanamtumia babu yangu kuiba. Siku hizi kila mtu anatafuta babu mwenye minazi."

"Haki yako kuuliza," alisema Domingas. Sauti yake haikuwa na kinyongo, na Anuar alimshangaa. "Nilibandika ili watu waulize."

Feliciano alikuwa ameshatoa kalamu ya wino mwekundu. Mkuu wa kituo alikuwa na furaha iliyompita kimo. Alishashika mikono ya watu wote waliokuwapo, Bernardino mara mbili. "Basi tunamaliza," alisema. "Nakata jina la marehemu, tunaandika msikiti, kila mtu anakwenda kwake na amani."

Carimo alimshika mkono. Mtu huyo huyo aliyepiga kelele jina lile lifutwe, mpaka ofisi ikafungwa.

"Usikate."

"Lakini wewe ndiye uliyeshtaki, senhor!"

"Najua nilishtaki. Sina kitu cha huyu mzee. Sina picha, sina shamba, hata kaburi lake sijaonyeshwa. Jina lake nimelikuta hapo tu. Liacheni."

Domingas alichukua kalamu kutoka mkononi mwa Feliciano bila kuomba. Aliliacha jina la Mamudo Abacar lilivyo, na pembeni yake akaandika kwa mwandiko wa shule, herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani: wakfu wa msikiti wa Mtandi, mpokeaji Ancha, kazi ni paa. Akabonyeza pini za ubao moja moja mpaka zikazama.

Waliokuwepo walisogea kusoma. Anuar aliona mgongo wake hauumi tena, akakumbuka kwamba leo hatalala mezani.

Carimo alimsogelea Bi Ancha, amekuwa mpole kama mkwe. "Bibi, naomba nikirudi nipite pale kisimani. Ninywe dafu moja la babu."

"Hapana," alisema Bi Ancha. "Si lako."

Carimo aliinamisha kichwa.

"Ila kesho ni Ijumaa," Bi Ancha aliendelea, akijitanda leso vizuri, "na nazi zimeanguka nyingi, na mgongo wangu si ule wa zamani. Njoo asubuhi na gunia, tuokote pamoja. Ukimaliza, nitakuonyesha alipolala."